Zoom, Meet, WhatsApp au Jitsi yenu wenyewe: hospitali ya wilaya na vituo vyake wachague ipi?

Tuseme kuna hospitali moja ya wilaya na vituo vinane vinavyoizunguka: vituo vya afya vitatu na zahanati tano. Kituo kimoja kina faiba, viwili vina ruta ya laini ya simu, na vilivyobaki vinaishi kwa bando la mganga mfawidhi. Mganga Mkuu wa Wilaya anataka mambo matatu: kikao cha kila wiki cha kujadili wagonjwa wagumu, mafunzo ya wauguzi bila kuwalipa wote nauli na posho, na njia ya daktari wa zamu kumwona mgonjwa aliyeko kituoni kabla ambulensi haijawashwa. Fedha iliyopo ni ile inayobaki baada ya dawa, mafuta na umeme kulipwa.

Nitalinganisha njia zilizopo kwa kufuata mfano huo. Kama wewe una kliniki nne za binafsi Nairobi na Kiambu, au mtandao wa hospitali za kanisa, namba zitabadilika lakini maswali hayatabadilika sana.

Mifumo ya ukutani, ile ya kamera inayozunguka na skrini kubwa kutoka Poly au Cisco, naiondoa mapema. Picha yake nzuri, sauti yake safi, lakini kuandaa chumba kimoja ni maelfu ya dola kabla ya leseni na fundi. Inafaa ukumbi wa hospitali ya kanda. Zahanati yenye sola ya kuwasha taa na friji ya chanjo haiwezi.

Mgonjwa atatambulika?

Kwa kawaida watu huanza kwa kuuliza programu ipi ni salama zaidi. Mimi ningeanza na kitu kingine: katika mazungumzo yenyewe, mgonjwa atajulikana ni nani? Jibu la hapo ndilo linaloamua ulipe kiasi gani na usumbuke kiasi gani.

Mfano mzuri ni Project ECHO. Ilianzishwa mwaka 2003 na Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, baada ya kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri miezi mingi kumfikia bingwa. Badala ya kuwaleta wagonjwa kwake, aliwaunganisha kwa video wahudumu wa vijijini na mabingwa, wajadili kesi pamoja kila wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba waliotibiwa na wahudumu hao walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa kliniki ya chuo kikuu kwa asilimia 57.5. Mtindo huo umeenea hadi Afrika, ukiwamo kwenye huduma za VVU. Na katika vikao vya namna hiyo kesi huletwa bila jina: "mwanamke wa miaka 34, mimba ya pili, presha 160 kwa 110". Kikao kama hicho kikivuja, ni aibu kwenu, lakini hakuna mama wa kijiji fulani aliyeanikwa.

Daktari kumwona mgonjwa mwenyewe kwenye kamera ni jambo jingine. Hapo kuna uso, sauti, jina, labda na kidonda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na tangu 2023 ina sheria ya afya ya kidijitali pia. Vituo vya serikali vya Tanzania viko vilevile chini ya miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa hiyo kabla ya kununua chochote, afisa TEHAMA wa halmashauri aulize huko kwanza. Kuuliza ni bure, na huokoa mradi usije ukazimwa katikati.

Kwa hiyo tuna aina mbili za mazungumzo, na si lazima zipite kwenye njia moja.

WhatsApp, kwa sababu tayari mnaitumia

Tusidanganyane: karibu kila wilaya ina kundi la WhatsApp la rufaa, na picha za eksirei zinapita humo kila siku. Tangu 2016 mazungumzo yake yamesimbwa mwanzo hadi mwisho, maana yake hata kampuni yenyewe haisikilizi simu yenu. Video inabeba watu hadi 32, na inavumilia mtandao dhaifu kuliko karibu zote nitakazozitaja. Kwa mazungumzo ya wawili, daktari wa zamu na tabibu wa kituo saa nane usiku, sioni cha kuishinda kwa wepesi.

Tatizo lake liko ndani ya simu. Picha zinajihifadhi kwenye galari, katikati ya picha za harusi. Nakala za mazungumzo zinakwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na nakala hizo hazisimbwi mwanzo hadi mwisho mpaka mwenye simu aende kuwasha mwenyewe, uwezo uliokuja mwaka 2021. Muuguzi akihamishiwa mkoa mwingine anaendelea kubaki kundini. Simu ikiibwa stendi, imeondoka na wagonjwa wa mwaka mzima. Na simu ni mali ya mtumishi, si ya hospitali, kwa hiyo hakuna mtu ofisini anayeweza kufuta chochote kilichomo.

Kama mtaendelea nayo, na najua mtaendelea, fanyeni angalau haya: washeni ujumbe unaojifuta baada ya siku 7, zimeni picha kujihifadhi kwenye galari, na mtu mmoja apewe kazi ya kupitia orodha ya wanakundi kila mwezi. Ila isifanywe kuwa mfumo rasmi wa kumwona mgonjwa.

Zoom

Zoom ilipata jina baya mwaka 2020, na haikuonewa. Ilikuwa inatangaza usimbaji wa mwanzo hadi mwisho ilhali haukuwapo. Watafiti wa Citizen Lab wa Toronto wakaonyesha pia kwamba usimbaji uliokuwapo ulikuwa dhaifu kuliko ulivyotangazwa, na kwamba funguo nyingine, yaani zile siri za kufungulia mazungumzo yaliyosimbwa, zilipita kwenye seva za China. Wahuni nao walikuwa wakivamia vikao vya watu hadi FBI ikatoa onyo. Novemba mwaka huo Tume ya Biashara ya Marekani ikamalizana na kampuni hiyo kwa makubaliano ya kurekebisha usalama wake. Marekebisho yalikuja kweli: usimbaji uliimarishwa, nenosiri na chumba cha kusubiria vikawa vya kawaida, na kuanzia Oktoba 2020 usimbaji kamili wa mwanzo hadi mwisho ukapatikana hata kwa asiyelipa. Ukiuwasha unapoteza kurekodi kwenye wingu na kujiunga kwa kupiga namba ya simu ya kawaida. Kwa kikao cha wagonjwa hizo si hasara. Mimi ningepiga marufuku kurekodi kwenyewe.

Bila malipo unapata dakika 40 na watu 100. Dakika 40 zinatosha kesi mbili, halafu kikao kinakatika bingwa akiwa katikati ya sentensi. Lakini wengi hawajui kwamba anayepaswa kulipa ni mwenyeji peke yake. Hospitali ya wilaya ikilipia akaunti moja, kama dola 13 hadi 17 kwa mwezi kutegemea unalipa kwa mwaka au kwa mwezi, vituo vyote vinane vinaingia bure na kikao hakikatiki. Nimeona maandiko ya miradi yakiomba leseni tisa kwa vituo tisa. Fedha hiyo ingenunua vipaza sauti.

Akaunti hiyo moja isizunguke kwa nenosiri lililobandikwa ukutani. Iwe ya ofisi ya mratibu, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na simu inayopokea namba za uthibitisho ibaki ofisini.

Meet na Teams

Google Meet ni ndugu yake Zoom mwenye adabu zaidi. Inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua chochote, na simu nyingi za Android zinakuja nayo. Wawili wanazungumza muda mrefu bure. Wakifika watatu, kikomo ni dakika 60. Mazungumzo husimbwa yakiwa njiani, lakini funguo kwa kawaida anazo Google. Kwa mafunzo ya wauguzi inatosha kabisa, na saa moja ni kipimo kizuri cha mafunzo: zaidi ya hapo watu wanasinzia.

Teams sina mengi ya kusema. Kama mfadhili au ofisi yenu tayari inalipia Microsoft 365, itumieni. Kama hailipii, usianze leo kwa ajili ya video peke yake. Ni nzito kwenye kompyuta za zamani.

Jitsi kwenye seva yenu

Hapa pana utamu na pana miiba, nitakaa kidogo.

Jitsi ni programu huria iliyozaliwa mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, mikononi mwa Emil Ivov. Sasa inatunzwa chini ya kampuni ya 8x8, na bado mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake bila kulipa leseni. Kuna huduma ya wazi ya meet.jit.si, lakini tangu Agosti 2023 mwenye kufungua kikao anatakiwa kuingia kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub, na seva si yenu, kwa hiyo kwetu haina faida juu ya Meet. Faida inakuja mnapokuwa na yenu.

Seva yenye kori 4 na RAM ya GB 8, yenye Ubuntu au Debian, inawatosha vituo tisa bila jasho. Kukodi ya namna hiyo Ulaya ni kama dola 10 hadi 25 kwa mwezi. Kuikodi ndani ya nchi mara nyingi ni ghali zaidi, na hata hivyo ningelipa tofauti hiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria: taarifa haivuki mpaka. Ya pili tuliiona tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Seva iliyoko Dar es Salaam, kwenye kituo cha data kilichounganishwa na mitandao ya nyumbani, haihitaji kebo ya baharini ili Korogwe izungumze na Tanga.

Ila isiwekwe hospitalini. Nimesikia wazo la kuiweka chumba cha takwimu, juu ya kabati, na UPS pembeni. Laini za simu, na hata intaneti ya setilaiti ya Starlink ambayo Kenya wanayo tangu 2023, kwa kawaida hazikupi anwani ya intaneti ya wazi inayofikika kutoka nje, kwa hiyo vituo havitaiona seva hiyo. Halafu kuna umeme, joto na mtu wa usafi anayetafuta soketi.

Usalama wake uelewe sawasawa. Picha na sauti zinasimbwa kati ya kila kituo na seva, lakini seva inazifungua ili kuzigawa. Kuna usimbaji wa mwanzo hadi mwisho pia, ila haukubali kila kifaa, na simu kongwe za vituoni ndizo zitakazokukwamisha. Kwa hiyo anayeweza kusikia ni anayetawala seva. Akiwa ni afisa TEHAMA wenu aliyekula kiapo cha usiri kama watumishi wengine, umepunguza hatari. Akiwa ni kijana wa mtaani aliyewawekea kwa hisani na bado ana nenosiri la seva, afadhali mngebaki na Zoom.

Mambo yanayowaangusha wanaoijaribu yanajirudia. Wanaiacha wazi, mtu yeyote duniani anafungua chumba kwenye seva yao; dawa ni kuwasha mpangilio unaomtaka mwenyeji ajitambulishe na wageni wasubiri. Wanasahau kufungua mlango wa UDP 10000, ambao picha na sauti hupitia, kwenye ukuta wa ulinzi wa mtandao wa hospitali; picha inalazimika kupita TCP, njia isiyofaa video, inakwama kila dakika, na lawama inabebwa na Jitsi. Cheti cha bure cha Let's Encrypt, kinachokithibitishia kivinjari kwamba seva ni yenu kweli, kinadumu siku 90 na hujihuisha chenyewe, lakini mtu akifunga mlango namba 80 hakijihuishi, na asubuhi ya kikao kila kituo kinaona onyo jekundu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo gumu. Ila yote yanahitaji mtu anayefungua seva angalau mara moja kwa wiki, akaweka masasisho, na mwenzake wa pili anayejua atafanya nini wa kwanza akienda likizo.

Kama mnafikiria kuizungushia VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, ili vituo tu ndivyo viingie, ni wazo zuri, lakini kumbukeni kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao waziandikishe. Fanyeni hivyo.

BigBlueButton iko ukoo mmoja na Jitsi: huria, seva yenu. Ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, kwa ajili ya kufundishia, na ubao wake wa kuchorea ni mzuri kuliko wa wote hapa. Inataka seva ya kori 8 na RAM ya GB 16. Chuo cha uuguzi kiitazame, wilaya haihitaji.

Kwa jicho moja:

| Njia | Bure hadi wapi | Nani anaweza kufungua mazungumzo njiani | Mzigo wenu |
|---|---|---|---|
| WhatsApp | watu 32 kwa video | hakuna | simu za watumishi na kilichomo |
| Zoom | dakika 40, watu 100 | kampuni, msipowasha usimbaji kamili | akaunti moja ya kulipia |
| Meet | dakika 60 mkiwa watatu au zaidi | kampuni | karibu hakuna |
| Jitsi yenu | hakuna kikomo cha muda | anayetawala seva | seva, masasisho, watu wawili |
| BigBlueButton | hakuna kikomo cha muda | anayetawala seva | kama Jitsi, seva kubwa zaidi |

Bando

Hesabu ya kukumbuka: megabiti 1 kwa sekunde, kwa saa nzima, ni MB 450. Chukua picha ya wastani inayokula kilobiti 500 kwa sekunde. Zahanati inayotuma picha yake na kupokea za wenzake wanane inaweza kufika megabiti 4.5, yaani GB 2 kwa saa. Bando la mganga mfawidhi limekwisha kabla ya kesi ya tatu. Ukiweka aonekane anayezungumza tu, inashuka hadi megabiti 1, MB 450 kwa saa, chini ya GB 2 kwa vikao vinne vya mwezi. Kwenye Jitsi yenu jambo hilo mnalipanga mara moja kwenye seva na linawahusu wote. Kwenye Zoom na Meet inabidi kila kituo kichague mwonekano wa mzungumzaji, na mtu atasahau. Tofauti hiyo ndogo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipenda Jitsi, kuliko hata habari za funguo.

Sauti peke yake haifiki MB 40 kwa saa. Mtandao ukilegea, zimeni kamera bila aibu. Kikao cha kesi kinaishi kwa sauti, na ndiyo maana fedha ya kwanza ningeitumia kwa kipaza sauti cha mezani chenye spika yake, kwa kila kituo, kabla ya kamera yoyote. Kamera ya kompyuta mpakato inatosha. Kipaza sauti chake hakitoshi, hasa mvua ikipiga bati.

Eksirei usiionyeshe kwa kushika filamu mbele ya kamera, wala usiamini sana ile ya kushirikisha skrini. Video hubana picha, na ufa mwembamba wa mfupa ndio unaopotea kwanza. Kama mashine yenu ni ya kidijitali, Orthanc, programu huria iliyoanzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, inapokea picha zenyewe na daktari anazifungua upande wake zikiwa kamili, huku mkizungumza kwa video au kwa simu ya kawaida.

Mimi ningechaguaje

Kama halmashauri haina mtu wa TEHAMA anayeweza kutenga saa chache kila wiki, na wa pili wa kumshikia, sahau seva. Lipieni akaunti moja ya Zoom, washeni usimbaji kamili na chumba cha kusubiria, kesi ziletwe bila majina, mafunzo yafanyike Meet. Kumwona mgonjwa usoni kusubiri, au kufanyike kwa dharura tu, kwa simu ya hospitali na si ya mtu, mgonjwa akiwa amekubali na muuguzi ameandika kwenye faili kwamba amekubali.

Watu hao wawili wakiwapo, wekeni Jitsi ndani ya nchi na mhamishie huko kikao cha kesi na mazungumzo ya rufaa. Anzeni na vituo vitatu, kimoja kati yake kiwe kile chenye mtandao mbovu kuliko vyote, na jaribio lifanyike mchana wa siku ya kliniki, si jioni mtandao ukiwa mtupu. Akaunti ya Zoom msiifute mwaka wa kwanza. Seva ikilala, kikao kihamie huko, na kila kituo kiwe na kiungo chake kimeandikwa tayari.

Na chumba cha kukalia kichagueni kabla ya programu. Vituo vingi vina meza moja yenye intaneti, nayo iko mapokezi, mgongo kwa benchi la wagonjwa. Bingwa akiuliza kwa spika "huyu wa VVU alianza dawa lini?", benchi zima limesikia, na hakuna usimbaji uliotengenezwa kwa ajili ya benchi. Kama chumba cha pembeni hakipo, nunueni visikilizio vya masikioni viwili na kigawanya waya. Ni shilingi elfu chache.